Kusoma kifungu cha Biblia hatua kwa hatua, kwa mfano wa Wafilipi 4:10–20

Maswali ni yale yale kila mara. Nianzie wapi? Nitajuaje kama mstari huu unanihusu? Mbona mhubiri wa jana na wa leo wamepingana, na wote wameshika andiko moja? Utaratibu ufuatao unamfaa muumini wa kawaida ambaye hajapita chuo cha Biblia na hajui Kigiriki. Tutautumia kwenye kifungu kimoja tu, Wafilipi 4:10–20, kwa sababu ndani yake umo mstari wa 13, ule unaoandikwa nyuma ya daladala, kwenye fulana za timu na kwenye WhatsApp za wanafunzi usiku wa kuamkia mtihani: "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Wanaoujua kwa moyo ni wengi. Wanaoujua wa 12 ulioutangulia na wa 14 unaoufuata ni wa kuhesabu.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Biblia ya karatasi, ikiwezekana ile ya Swahili Union Version ya mwaka 1952 ambayo makanisa mengi husoma. Simu inafaa kutafutia andiko, ila kioo chake huonyesha mistari michache tu na kukuzoesha kusoma vipande.
- Tafsiri ya pili yenye Kiswahili cha leo, kama Biblia Habari Njema au Neno. Hiyo ya pili inaweza kuwa ya simu.
- Daftari na penseli. Kalamu ya wino hupenya karatasi nyembamba ya Biblia na kuharibu ukurasa wa nyuma.
- Kamusi ya Kiswahili.
- Dakika 45 zisizo na simu ya kuitika. Ukizoea zitapungua.

Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73 na ya Kiprotestanti 66. Kwa kifungu hiki hakuna tofauti, kwa hiyo tumia uliyo nayo.

Omba kwanza. Ombi fupi linatosha, nalo halichukui nafasi ya kuusoma mstari wa 12.

1. Soma kitabu kizima, kwa sauti, bila kusimama

Wafilipi ina sura 4 na mistari 104. Kwa sauti ya kawaida ni kama robo saa. Hii ni barua, na barua husomwa kutoka salamu hadi salamu. Hakuna anayepokea barua ya ndugu yake akaanza na sentensi ya katikati ya ukurasa wa mwisho.

Usipigie mstari chochote bado. Andika tu maneno yanayojirudia. Hapa utaona "furaha" na "furahini" vikija tena na tena, na "vifungo" mara kadhaa kwenye sura ya kwanza. Tayari una jambo la kushangaza: mfungwa anawaambia walio huru wafurahi.

Kitabu kikiwa kirefu, kama Isaya chenye sura 66, usijitese. Soma sura iliyotangulia, yenye kifungu chako na inayofuata. Hicho ni kiwango cha chini kabisa.

2. Weka mipaka ya kifungu mwenyewe

Namba za mistari hazikuandikwa na Paulo. Zile za Agano Jipya ziliwekwa na mchapaji Mfaransa Robert Estienne mwaka 1551. Sura ni za karne ya 13, na vichwa vya habari vyenye herufi nzito vimewekwa na wachapishaji. Vyote vinasaidia kutafuta andiko, lakini mara nyingine vinakata pasipostahili. Habari ya mtumishi anayeteswa, tunayoiita "Isaya 53", inaanza 52:13. Katika Waefeso 5, Biblia nyingi zimeweka kichwa kati ya mstari wa 21 na wa 22, na matokeo yake watu husoma "Enyi wake, watiini waume zenu" bila kusikia maneno yaliyotangulia moja kwa moja, "hali mnanyenyekeana katika kicho cha Kristo".

Tafuta mahali mada inapogeuka. Wafilipi 4:9 inamalizia na "Mungu wa amani atakuwa pamoja nanyi". Mstari wa 10 unaanza jambo jipya: msaada uliomfikia Paulo. Mstari wa 20 unafunga kwa "Amina", na wa 21 ni salamu. Basi kifungu chetu ni 10 hadi 20. Mstari wa 13 umekaa katikati ya barua ya shukrani kwa mchango.

3. Tambua ni andiko la aina gani, na nani anasema

Barua inasomwa kama barua na shairi kama shairi. Mithali ni kanuni ya jumla ya maisha, ndiyo maana Mithali 26:4 inakwambia usimjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake, na mstari unaofuata, wa 5, ukasema mjibu. Ukizichukua kama amri mbili za sheria utachanganyikiwa; ukizichukua kama hekima ya kutumia mahali pake, zote zinafaa.

Kosa kubwa hapa ni kunukuu bila kuangalia msemaji. "Mwanzo wako ulikuwa ni mdogo, lakini mwisho wako ungeongezeka sana" hunukuliwa kwenye harusi na kwenye uzinduzi wa maduka kama ahadi ya Mungu. Ni Ayubu 8:7, na anayesema ni Bildadi, mmoja wa rafiki watatu ambao Mungu mwenyewe, kwenye 42:7, anasema hawakunena yaliyo sawa. Sisemi Bildadi hana neno jema hata moja. Nasema kabla ya kulitundika ukutani ujue limetoka kinywani mwa nani.

4. Jaza mistari mitano kwenye daftari

Nani anaandika, kwa nani, akiwa wapi, kwa sababu gani, na nini kimetokea kabla. Majibu yatafute ndani ya Biblia kwanza. Kwa kifungu chetu:

- Mwandishi: Paulo, akiwa kifungoni (1:13).
- Wapokeaji: kanisa la Filipi huko Makedonia. Mwanzo wake uko Matendo 16: Lidia muuza rangi ya zambarau, na mlinzi wa gereza aliyebatizwa usiku.
- Sababu: wamemtumia msaada kwa mkono wa Epafrodito (4:18).
- Kilichotangulia: Epafrodito aliugua, "karibu na kufa" (2:27).
- Historia yao: waliwahi kumsaidia alipokuwa Thesalonike, tena zaidi ya mara moja (4:16).

Usipite hatua hii haraka. Aliyeandika "nayaweza mambo yote" alikuwa na mwenzake ambaye nusura afe kwa ugonjwa, na hakuficha.

5. Kagua maneno

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa msomaji wa Kiswahili ana mali ambayo wengine hawana.

*Viunganishi.* Zungushia penseli kila "maana", "lakini", "kwa hiyo", "basi", "ili", "kwa kuwa". Ukikuta "basi", rudi nyuma uone limetokana na nini. Kwenye kifungu chetu zungushia "maana" ya mstari wa 11 na "Lakini" inayoanza mstari wa 14. Hiyo "Lakini" tutairudia.

*Wewe au ninyi.* Kiingereza cha leo hutumia neno moja kwa mtu mmoja na kwa watu wengi. Kiswahili kinatofautisha, basi tumia faida hiyo. Luka 22:31–32, Yesu anamwambia Simoni kwamba Shetani "amewataka ninyi", kisha anasema "nimekuombea wewe". Wanaopepetwa ni wote. Anayetajwa kuombewa ni mmoja, ili naye awaimarishe wengine. Au 1 Wakorintho 3:16, "ninyi mmekuwa hekalu la Mungu". Andiko hili hutumika sana dhidi ya pombe na sigara, lakini lisome na sura yake: Wakorintho wamegawanyika, huyu wa Paulo, huyu wa Apolo, na hekalu linalobomolewa ni kanisa. Habari ya mwili wa muumini iko 6:19.

*Kiswahili cha zamani.* Tafsiri ya 1952 ni tamu, ila baadhi ya maneno yake yamehama maana. Haya ndiyo yanayowaangusha wengi:

- "Hata" mara nyingi ni "mpaka". Mathayo 27:45, giza lilikuwapo "tangu saa sita … hata saa tisa", yaani kuanzia adhuhuri. Saa zimehesabiwa kama tunavyozihesabu sisi, kuanzia mapambazuko, kwa hiyo usizibadilishe.
- "Pepo zikavuma" kwenye Mathayo 7:25 ni upepo mwingi. Angalia "zi-": ni wingi wa upepo. Pepo wachafu huchukua "wa-" na hawavumi.
- "Marago" ni kambi.
- "Nalifurahi" ni "nilifurahi". "Yo yote" ni "yoyote".
- "Kipawa" kwenye Wafilipi 4:17 ni zawadi, kitu kilicholetwa. Si kipaji cha kuimba wala cha kuhubiri.
- "Kudhiliwa" (4:12) ni kushushwa, kuwa katika hali ya chini.

*Maneno yanayofungana.* Mstari wa 12 unasema "katika mambo yo yote, nimefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa". Mstari wa 13: "Nayaweza mambo yote". Chora mshale kutoka la pili kwenda la kwanza. Mambo yanayowezwa ni yale yaliyotajwa sentensi moja nyuma: shibe, njaa, wingi, upungufu. Mtihani wa hisabati haumo kwenye orodha, wala fainali ya kombe. Mwanafunzi anaweza kuuchukua mstari huu kihalali, kwa maana hii: nikifaulu au nikianguka, Kristo atanitia nguvu ya kubeba hali yoyote nitakayoamkia.

6. Kiandike kifungu kwa Kiswahili chako

Sentensi moja au mbili kwa kila mstari, kama unavyoongea nyumbani. Usiige maneno ya kitabu. Mfano wa mistari mitano ya kwanza:

10: Nimefurahi mno kwamba mmenikumbuka tena. Najua mlikuwa mnaniwaza, ila njia ya kuleta hamkuipata.
11: Sisemi hivi kwa kuwa nina shida. Nimejifunza kuridhika na hali ninayokuwa nayo.
12: Kuwa chini nakujua, kuwa nazo nakujua. Kushiba na kulala njaa, yote nimefunzwa.
13: Hali zote hizo naziweza, kwa sababu yupo anayenitia nguvu.
14: Hata hivyo, mmefanya vizuri kuingia na mimi kwenye shida yangu.

Sasa itazame ile "Lakini". Kama mstari wa 13 ungemaanisha "simhitaji mtu", Paulo angeishia hapo. Yeye anageuka mara moja na kushukuru kwa msaada. Anayemwambia mjane "mtegemee Kristo, unayaweza mambo yote" huku ameficha mkono wake, mstari wa 14 unamshtaki.

Ukifika mstari ambao huwezi kuuandika kwa maneno yako, hujauelewa. Weka alama ya kuuliza pembeni, endelea, urudi baadaye.

Mistari ya 15 hadi 18 inahitaji jicho la mtunza hesabu. Kuna "kutoa na kupokea", kuna "hesabu yenu", kuna "nimepokea". Neno la Kigiriki lililo nyuma ya "nina vitu vyote" (18) ndilo lililoandikwa kwenye stakabadhi za malipo za wakati ule. Paulo anawaandikia risiti: nimepata, nimejaa tele, tena zimezidi. Ni nadra kumsikia mpokea sadaka akisema zimetosha.

7. Linganisha na maandiko mengine

Anza karibu, uende mbali: barua hiyo hiyo, kisha mwandishi huyo huyo, kisha Agano zima, kisha Biblia nzima. Itifaki ya Biblia, yaani orodha ya maneno na mahali yanapopatikana, inafaa hapa, si kabla. Ukianza nayo utaokota mistari kumi yenye neno "nguvu" ambayo haihusiani.

Kwa kifungu chetu mawili yanatosha. 2 Wakorintho 11:27 Paulo anaorodhesha njaa, kiu, baridi na kuwa uchi, kwa hiyo njaa ya Wafilipi 4:12 si maneno ya kupamba. Na 2 Wakorintho 8:1–5 anayasema makanisa ya Makedonia, Filipi ikiwa huko, kwamba yalitoa katika umaskini wao mwingi, tena kwa hiari yao wenyewe. Turudi sasa kwenye mstari wa 19, "Mungu wangu atawajazeni kila mnachokihitaji". Wanaoahidiwa ni maskini waliokwisha kutoa bila kushinikizwa, na kinachoahidiwa ni wanachokihitaji. Anayeutumia kukamua mifuko ibadani anapaswa kuanza na wa 17, ambapo Paulo anasema hakitamani hicho kipawa.

8. Toa fundisho, kisha tendo moja

Andika sentensi tatu. Kifungu kinasema nini juu ya Mungu? Juu ya watu wake? Kinawataka wafanye nini? Kwa mfano: Kristo huwatia nguvu walio wake katika shibe na katika njaa. Waumini hushirikiana mizigo hata pale mbebaji anapojiweza. Kuridhika hufundishwa, Paulo anasema "nimejifunza", hakuzaliwa nako.

Kisha chagua tendo lenye jina na siku. "Nitakuwa mkarimu" halipimiki. "Kabla ya Jumapili nitampelekea mzee fulani wa jumuiya yetu kilo mbili za unga na kukaa naye nusu saa" linapimika, na Jumatatu utajua kama umetenda.

Tahadhari: usijenge imani nzima juu ya mstari mmoja. Mambo kama ubatizo, meza ya Bwana na siku za mwisho yana mistari mingi, na kanisa lako lina mafundisho yaliyoandikwa. Walutheri wana Katekisimu Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, Wakatoliki wana Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa 1992. Isome kabla ya kutangaza kwamba umegundua jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Ukikwama

*Tafsiri mbili hazifanani.* Mara nyingi tofauti ni ya mtindo: moja imefuata neno kwa neno, nyingine maana. Ziandike zote mbili, uone kama wazo ni moja. Kama mstari mzima uko kwenye mabano au una maelezo chini ya ukurasa, sababu ni kwamba nakala za kale hazikubaliani. Marko 16:9–20 haimo katika nakala mbili za kale zinazotegemewa sana. Usiruke ukurasa huo kwa hofu, wala usiufanye msingi pekee wa fundisho.

*Andiko nililotumiwa silipati.* Huenda halimo. "Jisaidie nikusaidie" haliko popote kwenye Biblia, hata ukitafuta usiku kucha. "Mungu hampi mtu mzigo asiouweza" ni 1 Wakorintho 10:13 iliyopindishwa. Pale habari ni jaribu na mlango wa kutokea, na sura nzima inaonya juu ya ibada ya sanamu.

*Mhubiri amesema tofauti na nilichopata.* Kwanza rudia hatua ya 2 na ya 5, huenda uliyekosea ni wewe. Ukibaki na swali, mwendee baada ya ibada, usimsimamishe mbele za watu: "Mchungaji, naomba unisaidie. Huu mstari wa 13 unaunganaje na wa 12?" Swali la namna hiyo halimvunjii mtu heshima. Watu wa Beroya walisifiwa kwa kuyachunguza maandiko kila siku waone kama aliyoyanena Paulo ndivyo yalivyo (Matendo 17:11). Akikujibu kwamba kuuliza ni uasi, jibu hilo nalo liandike kwenye daftari.

*Jumuiya inageuka ubishi.* Wekeni kanuni moja: anayesema aonyeshe kidole chake kiko kwenye neno gani la kifungu. Asiyeweza kuonyesha anasubiri zamu nyingine. Kiongozi asisome maelezo ya kitabu cha mwongozo mpaka kila mtu amemaliza hatua ya 6, la sivyo watu wataandika alichokisema yeye.

*Nasoma lakini sioni kitu.* Angalia saa. Usingizi wa saa nne usiku hautibiwi na hatua yoyote hapa, hamishia alfajiri. Kama tatizo si usingizi, nakili kifungu chote kwa mkono, neno kwa neno. Mkono ni mzito kuliko jicho, na hukutana na maneno ambayo jicho limeyaruka.

*Nataka kuanza na Ufunuo au Danieli.* Subiri. Ufunuo umejaa picha zilizochotwa Agano la Kale, na asiyeyajua yale ataziona picha bila kujua zimetoka wapi. Anza na Filemoni, yenye mistari 25, kwa hatua zote nane. Halafu Yona na Ruthu, sura nne nne, ambako utajizoesha habari za simulizi. Kisha Marko, sura 16, kifungu kimoja kwa siku.